Ujumbe wa Kupogoa Minyaa

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Chang'ombe ilizungushiwa uzio wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani inayotoa utomvu mweupe ikivunjwa. Ilikuwa imempita baba kimo. Ndani ya ua ule nilijihisi kama kuku aliyefunikwa kwa tenga.

Bibi, mama yake baba, aliishi kijijini Zuzu. Likizo ya Juni, nikiwa darasa la tatu, nilikwenda kumtembelea, naye akanipa ujumbe.

"Mwambie baba yako apogoe minyaa sasa hivi, kiangazi, wakati imelala. Mawingu yakirudi, imeamka. Ukiikata imeamka, inadai jicho la mtu wa nyumba hiyo. Utakumbuka?"

Nikasema nitakumbuka, na kweli nilikumbuka kila neno.

Niliporudi nilimkuta baba ameketi sebuleni saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, viatu vya kazini miguuni. Shirika lake lilikuwa limewaachisha kazi yeye na wenzake. Mama alinikonyeza ninyamaze. Mtu aliye katika hali ile huendi kumwambia kwamba mti unadai jicho. Nikajiambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa kuulizwa kwa nini nimechelewa.

Novemba baba alitoboa ukuta wa chumba cha mbele, akatengeneza dirisha la duka. Aliuza sukari, mafuta ya taa, na zile sabuni za kutoka nje ambazo sasa zilipatikana kila mahali. Tatizo ni kwamba mtu aliyepita barabarani hakuliona dirisha, minyaa ililiziba. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameshatanda siku aliyochukua panga.

"Baba, si tungoje kidogo?"

"Tungoje nini? Wateja waje na darubini?" Akacheka, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Juni. "Shika hilo tawi, binti yangu, livute kwako."

Nilishika. Hapo ndipo ningesema. Panga lilishuka, utomvu ukaruka, ukaniingia macho yote mawili.

Mama aliniosha kwa ndoo nzima ya maji huku nikipiga kelele. Hospitali walinifunga bandeji, wakasema tungoje siku tano. Kama nitaona au sitaona, hawakusema. Nililala chali nikihesabu sauti: panya darini, mama akipepeta mchele, baba akiwahudumia wateja kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

Siku ya tatu nilisikia harufu ya ugoro mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akamgeukia baba. "Wewe! Nilikutumia ujumbe tangu Juni. Masikio umemwazima nani?"

"Ujumbe gani, mama? Ulimtuma nani?"

Aliyefungwa macho hawezi hata kutazama pembeni. Sikuwa na pa kujificha. Nilisikia kitanda kikilia bibi alipoketi, kisha mkono wake ukanishika kisigino. Niliuvuta mguu, hakuuachia. Nadhani ndipo alipoelewa.

"Labda sikutuma," akasema polepole. "Nilikusudia tu. Uzee huu."

"Si unaona? Unasahau mwenyewe, halafu unanigombeza mimi."

Bibi aliniachia kisigino, akanifunika shuka. Na mimi, niliyekuwa na mdomo usiofungwa bandeji, sikusema kitu.

Siku ya tano, bandeji ilipofunguliwa hospitali, niliona ukungu, kisha kucha za muuguzi, kisha kila kitu.

Chuo kikuu nilisoma juu ya utomvu na majira, na sikuona kosa katika kanuni ya bibi ya kukata kiangazi. Kuhusu mti kudai jicho, bado sijui niseme nini. Ninachojua ni kwamba ile kanuni ilihitaji mtu wa kuifikisha, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Bibi amekwisha kufariki. Baba akimsimulia, husema kumbukumbu zilianza kumtoka mwaka ule wa minyaa. Si kweli. Mwaka ule bibi alilima na kupalilia uwele wake peke yake, na hakuna mjukuu ambaye siku yake ya kuzaliwa ilimpotea. Mimi ni mtu wa kusahihisha wenzangu: tarehe, majina, hata nukta katika barua zao. Baba akifika hapo ananitazama, akingoja nikubali.

"Ndiyo, baba," nasema. "Alikuwa amezeeka."