Wino Mweusi wa Isaac Walubengo

Isaac Walubengo hakuuza kitabu hata kimoja cha maktaba ya Gatwekera, kule Kibera. Wanaosema aliuza ni waongo, na wanaoongeza kwamba alitembea na mke wa mtu ni waongo mara mbili.

Kwa miaka kumi na tisa alikaa katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, akiazimisha vitabu kwa mafundi, vibarua na wanafunzi. Kila kitabu kilikuwa na kadi. Ukikiazima, jina lako liliandikwa humo. Ukikirudisha, Isaac alilifuta kwa wino mweusi hadi lisisomeke hata juani. Nasambu, mkewe, mwalimu mstaafu aliyemsaidia kila Jumamosi, alimwambia anamaliza wino bure.

"Kitabu ni cha maktaba," Isaac alimjibu. "Alichokisoma mtu ni chake."

Kisha akaja Murunga, mzee wa kanisa.

"Walubengo, bibi yangu Phanice huchukua kitabu gani hapa?"

"Muulize Phanice, mzee."

"Nakuuliza wewe! Hii nyumba ni ya kanisa."

"Nyumba, ndiyo. Wasomaji, hapana."

Murunga alizimwaga kadi mezani, akakuta mistari myeusi mitupu. Akazibeba hadi kwa kamati ya kanisa, akasema Isaac amefuta majina ya watu aliowauzia vitabu. Na kamati, watu wazima wenye suti, ikaamini! Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama rafu. Wangetazama, wangevikuta vitabu vyote. Kufuli likabadilishwa Ijumaa hiyo, na mwaka uliofuata Isaac akazikwa huku watu wakinong'ona kaburini kwamba ni mwizi.

Nasambu alihamia mtaa wa Kawangware 46 kwa binti yake Valentine. Uvumi ukamfuata. Juzi Syokau, muuza mboga, alimwuliza huku akikata sukuma:

"Mama Valentine, ni ukweli mzee alikuwa anamwekea huyo Phanice barua za mapenzi ndani ya vitabu?"

"Barua? Isaac! Miaka thelathini na mimi, hata salamu ya Krismasi hakuniandikia!"

Syokau alicheka hadi kisu kikatulia. "Basi Phanice alikuwa anafuata nini huko? Si Jumamosi ulikuwa unaandika kadi wewe? Taja hicho kitabu, hii maneno iishe."

Nasambu alikijua. Jina la Phanice alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Angelitaja jina la kitabu hicho, Gatwekera nzima ingeelewa kilichompeleka mwanamke yule maktaba, na midomo yote ingefungwa. Lakini Phanice bado analala nyumba moja na Murunga, na maneno ya kibandani hufika Kibera kabla ya giza.

"Ndio nikutetee, Mama Valentine," Syokau alibembeleza. "Niambie mimi tu."

"Mume wangu hakuwa mwizi wala mzinzi. Hilo watangazie wote. Kitabu hutakijua kwangu, na usiniulize tena."