Leo nimemfokea baba mkwe

Leo nimemfokea baba mkwe wangu. Mola anisamehe.

Tulikuwa wawili mtumbwini, tunavua kwa mishipi pale mto unapoingia baharini. Upepo ukaanza kutusukuma. Mzee akafunga ndoo kwenye kamba, akaitosa majini ituzuie kasi.

Wazo zuri. Ila kamba kaifunga ubavuni!

Mtumbwi ukakaa upande, mawimbi yakawa yanaingia ndani. Mkwe hakosolewi, nikanyamaza. Maji yakafika vifundoni.

"We mzee, hamishia mbele hiyo kamba, unatuua!"

(Wenye wakwe, nyie mngevumilia?)

Akaihamisha. Mtumbwi ukageuza pua kwenye upepo, ukatulia, alhamdulillahi.

Tulipofika pwani nikapiga goti kuomba radhi.

"Radhi ya nini? Ungeendelea na adabu zako, binti yangu leo angekaa eda."