Nguo za Mto Runingu

Nilipokuwa mtoto kwetu Runingu, kukata mti wa muvumu kando ya mto lilikuwa kosa kubwa kuliko kuiba kuku. Koko, mama yake baba, alituambia miti ile ni nguo za mto, na mto ukivuliwa nguo unazifuata kwa aliyezichukua, mpaka mlangoni kwake.

Tuliogopa, lakini watu walitaka makaa na kuni za kuchomea matofali. Nilipofika miaka kumi na miwili, ilikuwa imebaki miti michache tu, karibu na nyumba yetu. Mbuzi walikuwa wanamaliza mihogo, mama akalilia ua. Nikashika panga mwenyewe, nikaikata ile iliyobaki. Nilikuwa mjuaji kweli, nimesoma vitabu viwili vitatu, mtu hanidanganyi.

Koko alinikuta nachimbia vigingi vibichi.

"Weye mutoto, umevua mto nguo?"

"Koko, hii ni miti tu."

"Haya. Mto iko na macho."

Masika yaliyofuata, mvua ilinyesha juu milimani, upande wa Lemera, huku kwetu jua linawaka. Mama alikuwa shambani. Niliambiwa nimwangalie mdogo wangu Bahati. Amelala, nikasema, ngoja nikimbie kwa jirani kuomba chumvi. Niliporudi, ukingo ule niliouacha uchi ulikuwa umekatika, na maji yamepita katikati ya nyumba. Bahati hatukumpata, hata nguo yake.

Koko hakunisema mpaka anakufa. Afadhali angenitukana, jamani.

Vigingi vyangu vyenyewe havikung'oka. Muvumu ukiuchomeka ardhini hushika mizizi, basi vikachipua, vikawa miti mikubwa. Nyumba haipo, ua upo, umezunguka changarawe.

Siku hizi sisi wanawake wa kijiji tunapanda upya ukingo kila Jumamosi. Mbegu tunakata wapi? Kwenye ua wangu, maana muvumu mwingine hapa hakuna. Agronome, yule bwana shamba, kijana mwenye adabu, alitueleza namna mizizi inavyoshika udongo. Nikaitikia tu. Koko alikwisha kuniambia, nikamcheka.

"Mama Furaha, sasa mto utatulia?" jirani aliniuliza juzi.

"Chimba, mama. Minye sijui."

Nikimaliza safu yangu, huuambia mto kimoyomoyo: nguo zako hizi. Kisha nasimama pale kidogo, kama mjinga, naangalia maji. Koko hakuwahi kuniambia kama mto nao hurudisha.