Soksi za Waridi za Nunziata

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, Nunziata Scognamiglio anakoroga sufuria kubwa ya shaba kwa mti mrefu. Harufu ya makaroni bado imo. Siku zote sufuria hii huchemshiwa makaroni ya kuuza kona ya mtaa. Leo inachemsha soksi za wacheza baleti, zile ndefu za kubana zinazopanda hadi kiunoni.

"Usinitazame mimi, tazama maji," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Yakigeuka kahawia, sina kazi."

Nunziata, mama wa miaka arobaini na saba, ni mtia rangi wa jumba la opera hapa Napoli. Kwa miaka ishirini na miwili, kwa ujira wa sarafu mbili za karlini kwa siku, ametia soksi rangi moja tu: kijani. Sababu tunaijua sote. Marehemu mfalme aliona kwamba soksi za waridi zinafanana mno na miguu mitupu, akaamuru miguu iwe ya kijani ili wanaume wa Napoli wabaki na adabu zao.

Lakini sketi hazikumsubiri mfalme. Nunziata alipoanza kazi, sketi za melimeli zilifunika hadi karibu na vifundo vya miguu. Mwaka hadi mwaka zikapanda, sasa ziko magotini, na kijani nacho kikazidi kuonekana.

"Wale watazamaji wa roshani ya juu walikuwa wanalia kroo, kroo, kama vyura," anasimulia. "Msichana wa watu anakufa kwa mapenzi pale jukwaani, wao kroo! Nilikuwa najificha nyuma ya pazia kwa aibu. Kile kijani ni mkono wangu!"

Septemba mfalme mpya, mwana wa marehemu, alifunga virago kukimbia vita, amri ya baba yake ikaondoka naye. Don Liborio, meneja wa jumba, akataka soksi za waridi kwa onyesho la Jumapili hii. Nunziata akatoa kwa furaha ule unga mwekundu wa wadudu alioutunza miaka yote, akauchanganya na shabu ya kushikisha rangi, akatumbukiza jozi ya kwanza katika pipa lake.

Ikatoka na rangi ya uyoga uliooza. Ya pili, vilevile. Mbao za pipa zilikuwa zimekunywa nili ya kutengenezea kijani miaka ishirini na miwili. Mfalme alikuwa amekimbia, lakini ndani ya pipa bado alikuwa anatawala.

Don Liborio hakucheka. "Nisipoona waridi Alhamisi mchana, naagiza soksi Milano. Na mtia rangi pia."

Ndipo Nunziata alipomkimbilia wifi yake, Rachela, mwuza makaroni. Mtaa mzima uliwasikia jana jioni, mwandishi akiwamo.

"Wifi, nipe sufuria."

"Sufuria imenilelea watoto sita, leo unataka kupikia soksi za watu?"

"Mpya! Hazijavaliwa!"

"Na wateja nitawaambia nini?"

"Waambie makaroni yao sasa yanacheza opera."

Rachela alicheka hadi akashika mbavu, na akishacheka huwa hana ujanja tena. Ila alitoa sharti: apewe kiti Jumapili. "Si kule kwa vyura. Kiti cha mtu mwenye heshima zake!"

Maji yanatulia. Nunziata anainua mti, anaikamua soksi, anaipeleka dirishani kwenye mwanga. Ni waridi, safi kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Anaketi juu ya ndoo na kulia bila kumwonea haya mtu.

Jumapili anasimama nyuma ya pazia lake la siku zote, akisubiri vyura. Clelia Taddei, mchezaji mkuu, anaruka, anaanguka, anakufa. Ukumbi umenyamaza kabisa. Kisha makofi yanapasuka, na Rachela anakuja mbio, shali mkononi.

"Wifi, maskini yule msichana! Nimelia mimi, tazama shali ilivyolowa!"

"Na soksi je?"

"Soksi gani?"

Nunziata anamkumbatia kwa nguvu hadi anamwangushia kofia.

Siku inayofuata sufuria imerudi kwa mwenyewe, imesuguliwa kwa majivu mara tatu. Nunziata anatafuta ya kwake. Pipa la kijani atalitoa nje, apande mrehani.

"Nataka nitie rangi soksi hadi nizeeke," anasema, "na asiwepo hata mmoja wa kuziona."