Mkanda wa Udongo Mtupu Gisozi

Saa tatu asubuhi, Agosti 1993. Illuminée Mukandekezi ameinama mlimani Gisozi, anakwangua nyasi kwa jembe mpaka udongo mwekundu utokee. Mkono mmoja umefungwa kitambaa. Kila mara anainuka, anatazama upepo unakoelekea.

Kazi yake ni kukata majani na kuwauzia wafugaji wa mjini. Lakini kiangazi hiki asubuhi zake ni za mkanda huu wa udongo mtupu, unaotenganisha nyumba na msitu wa mikaratusi ulio chini yake.

Mwaka jana moto ulipanda kutoka msituni ukateketeza nyumba ya jirani yake, Donatille. Donatille aliponea chupuchupu. Mama yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani, hakutoka.

"Maji yapo bondeni, na moto ulikuwa katikati," anasema Illuminée. "Nilimsikia yule bibi akiita. Halafu sikumsikia tena."

Baada ya mazishi akawaomba majirani walime mkanda. Wengi waliogopa. Siku hizi za vita, kundi la watu wenye mapanga mlimani linatia shaka. Wakakubaliana kubeba majembe peke yake, na kumwarifu kwanza kiongozi wa sekta, eneo lao la utawala.

Aliyekataa ni Mzee Mutsinzi, seremala. Mikaratusi yake ilikatiza mkanda, na alikuwa akiitunza kwa ajili ya nyumba ya mwanawe. Illuminée alimwendea mara kadhaa, naye akakataa kuikata. Sehemu ile ikabaki bila kulimwa.

Wiki iliyopita mkulima mmoja bondeni alichoma mabua, upepo ukageuka. Moto ulipanda kwa kishindo. Ulipofika kwenye udongo mtupu ulikosa cha kula, isipokuwa pale kwa Mutsinzi, ambako majani makavu yaliupokea.

Illuminée na Donatille, aliyekuwa amekuja siku hiyo kusaidia kulima mkanda, waliingia chini ya miti ile, wakawa wanakokota majani kwa majembe huku cheche zikiwaangukia na kumuunguza Illuminée mkono. Ndipo Mutsinzi akatokea na shoka.

"Nilidhani amekuja kutufukuza," anasema Illuminée.

Mzee aliwaambia, "Kina mama, sogeeni. Mti huu unaanguka."

Akaikata miti yake mmoja baada ya mwingine, akiiangusha upande wa moto, huku wanawake wakifukia makaa kwa udongo. Jiko lake la nje liliungua. Nyumba zote zilisalimika.

Mutsinzi aliulizwa kwa nini alibadili nia. "Nilimwona Donatille mle ndani," akasema. "Baada ya yaliyompata, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukimbia."

Mvua zikianza, Illuminée anataka kupanda migomba kando ya mkanda, kwa sababu shina la mgomba hubeba maji na haliwaki upesi. Mutsinzi ametoa kiwanja cha miti yake kwa miche ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo Illuminée analitaka zaidi: Donatille, anayeishi sasa kwa dada yake mtaani Gikondo, arudi kujenga palepale.

"Nimemwambia, 'Dada, rudi nyumbani.' Hajakubali, hajakataa. Anasema kwanza aione migomba imeshika mizizi."