Mikaratusi ya Shubiri Moja

Naona haya, lakini acha niseme. Memsabu niliyemtunzia bustani alinipa mbegu za mikaratusi kutoka Australia. Nilizisia mie mwenyewe. Zilipoota, akaihamishia miche mitatu kwenye sahani za udongo. Kwa miaka mitatu akaipunguza mizizi, miti isizidi shubiri; vijiti hivyo vya sahani ndivyo vilikuwa fahari yake.

Roho iliniuma. Kwetu Temeke, mti ukidumaa aibu ni ya aliyeupanda. Memsabu alipokwenda likizo ya mwaka mzima kwao, nikaihamishia ardhini, nikaimwagia samadi. Ikakua kama imefunguliwa kamba!

Siku aliyorudi alifika moja kwa moja na wageni aliowaalika waje kuiona.

“Hamisi, miti yangu iko wapi?”

“Nimekukuzia, Memsabu!” nikaonyesha juu kwa kidole.

Wageni wakainua shingo hadi juu ya paa, wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kidole bado kimeelekea juu, mpaka nilipogeuka nikamwona Memsabu analia.