Kanda ya Calvince Darini

Ukimwona Weldon Kipngeno na gambuti zake akikama ng'ombe kule juu ya Kapkatet, huwezi kuamini kwamba wasichana waliwahi kumzimikia. Lakini ndivyo. Alikuwa mpiga ngoma wa Mvua ya Saa Nane, bendi ya rock iliyojaza kumbi za mashamba ya chai kutoka Kericho hadi Bomet. Mwimbaji alikuwa Calvince, mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka upande wa ziwani, mwenye sauti ya kukusahaulisha chai jikoni mpaka ifurike.

Wimbo wao wa mwisho haukutolewa kamwe. Ni huo peke yake waliowahi kuurekodi, kwenye kanda moja tu, kisha Calvince akaugua, akafariki, na bendi ikafa naye. Kanda ikabaki kwa Weldon. Haya, angeiweka wapi? Mkipsigis huyu aliiweka pale mama yake alipoweka kila kitu cha thamani: darini juu ya meko, kando ya mahindi ya mbegu, moshi ufukuze wadudu. Ila moshi hutunza mbegu, bwana, si kanda.

Juzi Molly, binti ya Calvince, akapiga simu. Baba yake alimwacha akiwa bado ananyonya.

"Anko, nasikia uko na sauti ya baba. Sijawahi kuisikia. Nakuja Jumamosi."

Weldon akamwambia karibu, akakata simu, akapanda darini mbio. Kanda ilikuwa imejikunja kwa joto na kushikana kwa masizi. Mzee mzima alikaa juu ya ngazi akalia.

Jumamosi alimpa Molly kanda hivyo hivyo ilivyo. Molly aliigeuzageuza mikononi, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, msichana wangu. Nilidhani naitunza."

"Hata kuuimba huo wimbo wake huwezi?"

"Mimi nilikuwa wa ngoma. Walinikataza kukaribia maikrofoni, na hawakukosea."

Lakini angemrudishaje mtoto wa rafiki yake mikono mitupu? Akapindua mkebe wa maziwa, akaanza kuupiga kwa viganja. Mikono haikuwa imesahau kitu. Kisha akajitosa, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta:

"Mvua ikinyesha mchana, fungua mlango..."

Molly akainua kichwa.

"Anko, hapo umepotea. Hapo inapanda, haishuki." Akaimba mwenyewe, taratibu: "Fungua mlango, ni mimi narudi."

Viganja vya Weldon vikasimama.

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Alikuwa akinibembeleza nao. Mimi nilidhani ni wimbo wa watoto tu."

Weldon akamkumbuka Beldina, mama yake Molly, aliyekuwa hakosi hata zoezi moja la bendi.

"Ni wa baba yako," akasema. "Alivyoupandisha hapo, ndivyo hivyo ulivyoupandisha wewe."

Molly akapangusa macho, akatoa simu yake na kuiegemeza kwenye ndoo ili irekodi.

"Anza tena, Anko," akasema. "Lakini wewe piga ngoma tu."